Pato la Mikono ya Wanawake, na Mali Inayochukuliwa kwa Haya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia barazani mwanamke kijana akifuatana na nyanya yake, akaniuliza suala ambalo sikulijibu vizuri. Nalisema hili mbele ya wasomaji kwa kuwa jibu nililompa ni lile ambalo sisi walimu twapenda sana kulitoa, kwani halitugharimu kitu. Nilimwambia asubiri.

Habari yake ilikuwa hivi. Wanawake kumi na mmoja wa mtaani kwetu hukusanyika katika ua wa mmoja wao, wakafanya mapambo ya kuuza: hutunga ushanga, hukata na kusugua magamba ya chaza wakayafanya vipuli, hufuma bangili na vidani, wakawauzia wenye maduka na wageni wapitao. Walipoanza, miaka mitatu nyuma, kila mmoja alitoa fedha sawa na mwenziwe za kununulia ushanga, uzi na waya. Kila mwisho wa mwezi huondoa gharama, na kilichobaki hugawanya mafungu kumi na moja yaliyo sawa. Sasa huyu kijana mkono wake ni mwepesi. Wenziwe wakimaliza vidani viwili, yeye amekwisha maliza vitano, na vyake ndivyo wanunuzi wanavyovitafuta.

"Maalim," aliniambia, "nimenyamaza miaka miwili. Mkuu wetu ni mama yangu mdogo. Nikisema nitaambiwa nina choyo. Nataka kujua tu: hicho kinachokwenda kwa wenzangu ni haki yao, au ni sadaka yangu, au ni kitu gani?"

Nikamweleza fadhila za subira na baraka za mkusanyiko, na kwamba atalipwa na Mola wake. Akaniambia, "Haya, Maalim," akainuka, akamshika mkono nyanya yake wakaenda zao. Neno hilo katika lugha yetu lina maana mbili, na usiku ule ni ile maana ya pili iliyonikosesha usingizi. Maana huyo mtu hakuja kuniuliza namna ya kusubiri. Kusubiri alikwisha kusubiri miaka miwili bila ya kufundishwa na mimi. Alikuja kuuliza hukumu ya mali.

Wako baadhi ya wanaume ambao wakisikia habari ya ushanga na vipuli hucheka, wakaona hayo ni mambo ya kike yasiyostahili kuandikiwa. Wajue basi kwamba kazi hii ni kongwe katika pwani yetu kuliko misikiti yetu mingi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamevikuta huko Tumbe, Pemba, na huko Shanga katika kisiwa cha Pate, vigae vyenye vijifereji ambavyo watu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walikuwa wakisugulia magamba ya baharini mpaka yakawa ushanga. Na huko Fumba, kusini ya mji wa Unguja, tangu miaka ya 2000 wanawake waliozoea kuokota chaza kwa kitoweo wamejifunza kumfuga: humtia ndani ya gamba, angali hai, kitufe kidogo kilicho nusu mviringo, kisha humrudisha baharini akae miezi mingi, hata akakifunika kitufe kile kwa utando wake ung'arao, ikawa lulu ya nusu. Na magamba yaliyokuwa yakitupwa jaani, sasa yakatwa, yapigwa msasa, yatobolewa kwa keekee, yakawa pambo la kuuzwa.

Na atakayeona kidani ni kitu kidogo, na akumbuke safari ile ambayo jeshi zima la Waislamu, pamoja na Mtume (s.a.w.), lilikaa pahala pasipo na maji kwa sababu ya kidani cha Bibi Aisha (r.a.) kilichopotea. Sayyidna Abubakar alimkemea binti yake kwa kuwazuilia watu safari. Hapo ndipo iliposhuka aya ya kutayamamu, na alipoinuliwa ngamia wake, kidani kikaonekana chini yake. Kidani chenyewe, kwa riwaya moja, hakikuwa chake. Alikiazima kwa dada yake Asmaa. Yaani watu walisubirishwa kwa ajili ya amana ya mwanamke kwa mwanamke mwenziwe, wala Mtume hakusema ni upuuzi.

Turudi katika mali. Mwanamke katika dini yetu ana milki yake kamili. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa wanaume wana sehemu katika wanachokichuma, na wanawake nao kadhaalika, na hakusema kuwa sehemu ya huyu itapitia mkononi mwa yule. Na katika Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.), siku ya Idi Mtume (s.a.w.) aliwaendea wanawake pamoja na Bilali, akawahimiza kutoa sadaka, nao wakawa wanavua vipuli na pete zao wakizitupa katika nguo ya Bilali. Imamu Nawawi alipoisherehesha Hadithi hii alisema ni dalili kwamba mwanamke aweza kutoa katika mali yake bila ya idhini ya mumewe, kwani Mtume hakuwauliza kama wametaka ruhusa kwa waume zao au hawakutaka. Imamu Malik ana kauli nyingine kwa kinachozidi thuluthi. Lakini hata hapo hapana aliyesema kuwa mali yenyewe ni ya mume.

Na katika wakeze Mtume alikuwako Bibi Zainab bint Jahsh. Mtume alipowaambia kuwa wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenziwe, walianza kupimana mikono. Alipofariki Bibi Zainab mwaka wa 20 Hijriya, wa mwanzo katika wao, ndipo walipofahamu kuwa makusudio ni mkono wa kutoa, kwa kuwa yeye akifanya kazi kwa mikono yake akitoa sadaka. Alikuwa akidibaghi ngozi na kuzishona. Na neno la Kiarabu lililotumiwa kwa kushona ngozi asili yake ni moja na neno la ushanga, kwani kote ni kutoboa na kupitisha uzi. Basi wanaotunga ushanga wana jamaa yao mkubwa, wakitaka kujitukuza.

Hapa yanipasa niseme na waume, ingawa si wao walioniletea suala. Nimewaona watu ambao mke akishapata kazi ya mikono, siku ya pili fedha ya kitoweo hukatwa. "Leo unazo, tumia zako." Huu si utani. Nafaka ya mke ni wajibu wa mume hata kama mke ana duka la dhahabu. Akiwa mume amedhikika, na mke kwa ridhaa yake akasaidia, hilo ni jambo kubwa. Zainab, mkewe Abdallah bin Mas'ud, ambaye naye alikuwa fundi wa kazi ya mikono, alipouliza kama yafaa sadaka yake ampe mumewe na mayatima aliowalea, alijibiwa kuwa ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Lakini angalieni: ilikuwa ni sadaka, na mwenyewe ndiye aliyeuliza.

Watasema, "Lakini kutoka kwake nyumbani ni kwa idhini yangu." Ni kweli, na ndivyo tulivyosoma. Ila idhini ni kitu na mali ni kitu kingine. Ikiwa mume na mke watakaa wakasema wazi kwamba saa zake za nyumbani zimepungua, basi naye atachukua sehemu fulani ya matumizi, na kila mmoja akaridhika, hayo ni masikilizano na hayana ubaya. Mimi namsema yule ambaye hasemi kitu. Akirudi mkewe na fedha yake, yeye hununa. Hali chakula, hajibu salamu, mlango hugongwa kwa nguvu. Mpaka fedha itolewe mkobani, ndipo nyumba itulie. Kisha husema, "Mimi sikumwomba, amenipa mwenyewe."

Sasa tuingie katika lile suala lenyewe. Waliosoma Abu Shujaa wakiwa watoto wanayakumbuka masharti matano ya sharika: mtaji uwe fedha, uwe wa jinsi moja na aina moja, uchanganywe, kila mmoja amruhusu mwenziwe kutumia, na faida na hasara zigawanywe kwa kadiri ya mtaji. Hii ndiyo sharika iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafi. Ama kushirikiana kwa miili, yaani watu kukubaliana kwamba watakachokichuma kwa kazi zao kitagawanywa baina yao, maulamaa wetu wameibatilisha. Imetajwa hivyo katika Minhaji na katika vitabu vilivyoifuata. Wamesema miili haiko sawa, na kazi ya mtu kesho haijulikani leo. Huyu atafanya sana na yule kidogo, kisha huyu wa pili atakula cha wa kwanza bila ya sababu.

Mahanafi, Mahanbali na Mamaliki wameijuzisha, na Mamaliki wakashurutisha kazi zao ziwe za namna moja au zenye kukaribiana. Dalili yao mashuhuri ni Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), kwamba yeye na Ammar na Saad walikubaliana kushirikiana katika watakachokipata siku ya Badri, Saad akaja na mateka wawili, na wao wawili hawakuja na kitu. Maulamaa wetu wamejibu kuwa sanadi ya Hadithi hiyo ina mkatiko, na kwamba ngawira za Badri zilikuwa mkononi mwa Mtume akizigawanya atakavyo.

Sitaki kuwaambia wanawake kumi na mmoja kuwa miaka yao mitatu ni batili, ilhali maimamu watatu wameruhusu mfano wake. Lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona hekima ya Imamu wetu. Yeye alikuwa akimwangalia mtu kama huyu kijana. Alijua kuwa watu wakiingia katika jambo la namna hii kwa uso mkunjufu, haupiti muda ila mmoja wao atakuwa amenyamaza na ana kitu kifuani. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, alipoulizwa na Fadhala bin Ubaid kuhusu kidani alichokinunua siku ya Khaybar kwa dinari kumi na mbili, chenye dhahabu na ushanga, naye alipokifumua akakuta dhahabu yake yazidi dinari kumi na mbili, alimjibu kuwa hakiuzwi mpaka kitenganishwe. Hukumu hiyo ni ya riba, siitoi nje ya mlango wake. Lakini nimejifunza humo kuwa kitu kilichochanganywa huweza kuificha haki ya mtu, hata mbele ya macho ya mwenyewe.

Tena ipo njia ndani ya madhehebu yetu. Wamesema sharika ikiharibika, kila mmoja ana ujira wa mfano kwa kazi aliyomfanyia mwenziwe, na faida hurudi kwa kadiri ya mtaji. Nani awazuiaye basi kuanza na hayo kabla ya kuharibika? Kila kidani, kila jozi ya vipuli, ijulikane ujira wake wa kukifanya. Mwisho wa mwezi kila mmoja alipwe kwanza kazi ya mikono yake, na inayobaki baada ya ujira na gharama ndiyo faida, igawanywe sawa kwa kuwa mtaji wao ni sawa.

Mtu ataniuliza: je, wote wakiridhika kugawana sawa, mwepesi na mzito, pana ubaya gani? Hapana ubaya. Mwenye haki akiitoa kwa moyo wake ni mwema. Shida ni huo moyo. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 4, mume ameruhusiwa kula katika mahari ambayo mkewe amempa kwa kuridhika nafsi yake. Imamu Ghazali katika Ihyaa, pahala anapoeleza habari za watu walioghurika, amemtaja mume anayemdhiki mkewe mpaka mke akamsamehe mahari ili apate kuokoka naye. Kadhi ataandika kuwa amesamehewa, kwa kuwa kadhi haoni ila ulimi. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hakusamehewa kitu. Kisha akamtaja yule anayeombwa mali mbele ya kundi la watu, akaona haya kukataa, akatoa. Ghazali hakuona tofauti baina ya hiyo na mali iliyonyang'anywa kwa kupigwa, kwani mmoja amepigwa fimbo ya mwili na mwingine amepigwa fimbo ya moyo.

Basi nilijiuliza: huyu kijana, mbele ya mama yake mdogo, mbele ya wanawake waliomwona akizaliwa, angewezaje kusema hapana? Na mimi niliyekaa barazani na kilemba changu nikamwambia asubiri, nilikuwa upande gani wa fimbo?

Nikampelekea salamu kwa nyanya yake kuwa nilikosea, na kwamba wakipenda waje wote. Walikuja saba. Niliwaeleza haya niliyoyaandika hapa, pasina kumtaja mtu, ingawa kila mmoja alimjua. Mkuu wao alikasirika mwanzo, na sikumlaumu. Yeye ndiye aliyekwenda akibisha milango ya maduka kwa jua kali wakati vidani vyao havikuwa na mnunuzi, wala kwa hilo hakuchukua hata senti moja zaidi. Nikaona kuwa na yeye alikuwa amenyamaza. Tukasema kuwa kutembeza bidhaa nako ni kazi, nako kuwekewe ujira. Miaka miwili iliyopita wakatakana halali, na kijana akasema amesamehe, nikamwomba asiniambie mimi, akasemeze moyo wake usiku peke yake.

Aliyebaki ni Bi Mkubwa mmoja, umri wake wakaribia sabini, macho yake yamepungua nuru. Kwa hesabu mpya fungu lake lingeshuka kuliko la wote, maana kidani kimoja humchukua siku nyingi. Alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema:

"Maalim, kama ni hesabu basi tuhesabu yote. Huyu mtoto nilimtia sindano mkononi ana miaka tisa. Ushanga wa kwanza nilimpa mimi, na hawa wengine karibu wote nimewafundisha mimi. Hayo nayo yana ujira?"

Nikamjibu kama nilivyosoma: mwenye kumfanyia mwenziwe kazi bila ya kutaja ujira hana dai juu yake; alilolitoa ni hisani. Nilipokuwa nikilisema niliona haya mwenyewe. Yule kijana akatoa fedha mkobani, akataka kumtilia mkononi. Bi Mkubwa akaurudisha mkono wake ndani ya buibui.

"Usinipe hapa mbele ya watu," akamwambia. "Mimi pia nina haya."

Hapo walinyamaza wote, na mimi pamoja nao. Baadaye mmoja wao akasema kwamba kuna wasichana wanne mtaani wanaotaka kujifunza, na kwamba Bi Mkubwa macho yake ndiyo yaliyochoka, vidole vyake vingali vyajua. Wakakubaliana kuwa kuanzia sasa kila msichana atakayeingia kufundishwa, Bi Mkubwa awe na ujira wake uliotajwa kabla hajamshika mkono wa kwanza, utoke katika mfuko wa wote. Waliniuliza kiasi gani. Nikasema hilo si la mwalimu, ni la wenye mfuko. Hawakuafikiana. Adhana ya magharibi iliwakuta wangali wakivutana, na aliyekuwa akitaka kiwe kikubwa zaidi kuliko wenziwe wote ni yule kijana.